Moyo Uliotulia Kila Ulipofika Kliniki

Wanangu mnaoanza uuguzi mwaka huu, mimi sare nimeshazivua. Mbili zimebaki kabatini hapa nyumbani Mbeya, na mjukuu wangu huzivaa akicheza hospitali na wenzake. Nikimsikia anavyomkaripia mdoli ameze dawa, najua ni mimi huyo anayeigwa.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimefanya kazi kwenye kliniki za moyo, kwanza hapa Mbeya kwenye hospitali kubwa, halafu kwenye hospitali moja ya kanisa upande wa Mufindi, nilikomalizia utumishi. Sitawasimulia yote. Mengine nimeyasahau, na mengine ni ya wagonjwa wenyewe, si yangu kuyatoa. Nitawasimulia ya mzee mmoja wa Igowole kwa sababu mwenyewe aliniruhusu. Aliniambia, "Waeleze tu, Sista. Ila useme wazi kwamba sikuwa mwongo."

Nitamwita Mzee Zakaria. Lakini kabla yake nianze na mkono, maana bila mkono habari yake hamtaielewa.

Aliyenifundisha kushika mkono wa mgonjwa ni Sista Agripina, muuguzi mkuu wa kliniki ya moyo nilipokuwa bado kijana. Alikuwa mwenyeji wa Idodi, mama mfupi mwenye maneno machache, na hakupenda kuona muuguzi anakimbilia mashine kabla hajamgusa mtu. Weka vidole vitatu chini ya kidole gumba cha mgonjwa, alituambia, na usitumie kidole gumba chako mwenyewe, kina mapigo yake, utahesabu moyo wako ukadhani ni wa mgonjwa. Kisha kaa hapo dakika nzima. Hakukubali uhesabu robo dakika kisha uzidishe. Moyo unaokwenda vibaya, alisema, unaweza kukudanganya robo dakika, lakini dakika nzima ni ndefu kwake.

Katika dakika hiyo hakutaka hesabu tu. Alitaka umwambie mwendo. Je, mapigo yanafuatana kama mtu anayetembea barabarani, au yanakwenda kama mtu anayevuka matope, hapa karuka, hapa kasimama, hapa kapiga hatua mbili za haraka? Na ukiona ni ya matope, weka kifaa cha kusikilizia kifuani usikilize huku umeshika mkono. Mara nyingi utasikia kifuani mapigo mengi kuliko yanayofika mkononi.

Siku moja yeye alikuwa na kikao, akatuachia wagonjwa. Akaja baba mmoja kutoka milimani, mwezi wa saba, na mnajua baridi ya mwezi wa saba. Tulimvua shati, tukamlaza, tukamfunga nyaya za ECG, mashine inayochora mwendo wa moyo, na karatasi ikatoka imejaa mawimbi madogomadogo. Tukafurahi, tumeupata ugonjwa. Sista Agripina aliporudi akaitazama karatasi, akamtazama yule baba, akaomba blanketi na chai ya moto. Baada ya chai, mstari ukatoka safi, mapigo yakifuatana kwa mpangilio. Kilichotetemeka hakikuwa moyo, ni yule baba mwenyewe kwa baridi. Sista hakutugombeza. Alituambia tu kwamba kuanzia siku hiyo chai ni sehemu ya kipimo, na birika ikawekwa karibu na mashine.

Sasa twende kwa Mzee Zakaria.

Alikuwa mgema ulanzi. Kwa ninyi mliozaliwa mbali na huku, ulanzi ni pombe inayotokana na mianzi. Mvua zikianza, mgema hukata ncha ya mwanzi mchanga, utomvu unadondokea kwenye chombo kinachofungwa pale, na kila siku hurudi kukata tena kidogo. Ukinywa siku hiyo hiyo ni mtamu kama juisi. Ukiuacha unakuwa mkali. Mzee Zakaria alikuwa na shamba kubwa la mianzi, na watu wa Igowole walisema ulanzi wake haukuwa na mwenzake.

Alikuja kwetu, kwenye ile hospitali ya kanisa, na mkewe, Mama Tumaini, mama mrefu mkimya wa kwaya ya Kilutheri. Shida ilikuwa moyo. Mzee alisema unamrukaruka kama chura aliyefungiwa kwenye mfuko, anakosa pumzi, anaona kizunguzungu, halafu baada ya saa chache au kesho yake unaacha. Alikuwa ameshazunguka. Zahanati walimpima wakasema mzima. Kituo kingine wakamwambia ni mawazo, wakampa vidonge vya usingizi. Ndugu yake mmoja akasema ni mambo ya kurogwa kwa sababu ya lile shamba la mianzi. Na wengine, kwa kuwa kila alipopimwa alionekana mzima, walianza kusema anatafuta sababu ya kukwepa kazi.

Kilichomleta kwetu kilikuwa kikubwa zaidi. Asubuhi moja, akiwa anafungua mlango wa zizi, mdomo ulimpinda na maneno yakagoma kutoka. Mkono wa kulia ukalegea. Mama Tumaini alimkalisha chini, akaita majirani, na kabla gari halijapatikana hali ikarudi kama kawaida, mzee akawa anaongea na kuomba maji. Majirani wakashukuru Mungu wakaenda zao. Mama Tumaini hakutulia. Siku ya pili alimvalisha koti wakaja.

Daktari wetu alikuwa Dokta Neema, binti aliyekuwa na umri wa kuzaliwa na mimi, msomi hasa, na mwenye subira. Alimsikiliza mzee mpaka mwisho, na nikaona uso wake unabadilika alipofika kwenye ule mdomo. Aliniita pembeni akasema kile ni kiharusi kilichobisha hodi kikaondoka, na kinaweza kurudi kikaingia ndani. Alishuku ugonjwa ambao vyumba vya juu vya moyo vinaacha kujikaza kwa pamoja na badala yake vinatetemeka. Damu isiposukumwa vizuri mle ndani hukaa na kuganda, na bonge dogo tu likichomoka likapanda kichwani, mtu analala mzima anaamka nusu.

Nikashika mkono wa mzee dakika nzima. Ulikwenda kama saa ya ukutani. Tukampiga ECG, safi. Tukamlaza wodini, tukamfunga kwenye mashine ya kufuatilia mapigo, na kwa muda wote aliokaa moyo ulikuwa na adabu kama mtoto mbele ya mchungaji. Dokta alimpa dawa ya kumkinga kwa muda, lakini ile dawa yenyewe ya kuzuia damu kuganda hakutaka kuianza kwa kubahatisha. Ni dawa nzuri, ila ina makali yake, na anayemwanzishia mgonjwa lazima awe na sababu mkononi.

Mzee aliposikia kwamba vipimo ni vizuri tena, hakufurahi. Aligeukia ukuta. Mama Tumaini alinifuata kwenye korido akaniuliza kwa sauti ya chini kama na sisi tunamwona mumewe anaigiza. Nikamwambia hapana, tunamwamini, ila moyo wake unajificha, na itabidi atusaidie kuukamata.

Tulikaa kwenye benchi. Nikamuuliza shida huwa inakuja lini. Akafikiri sana. Akasema kiangazi haiji, au inakuja mara chache. Inakuja mvua zikiwa nyingi. Nikamuuliza, mvua zikiwa nyingi mzee anafanya nini? Akanitazama, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Anagema, Sista. Na anaonja."

Mzee alikuwa ametuambia hanywi, anaonja tu. Na kweli alikuwa anaonja. Tatizo ni kwamba alionja kwenye kila chombo, na shamba, kama nilivyosema, lilikuwa kubwa. Halafu moyo ukianza kuruka, anaacha kuonja, anapumzika, anasubiri gari la kesho au keshokutwa, na akifika kwetu umeshatulia. Dokta Neema alipolisikia hilo alipiga meza kwa kiganja. Pombe, hasa ikizidi kwa mpigo, ni moja ya vitu vinavyouchokoza moyo wa namna ile. Ili kumkamata chura yule, ilibidi tumkute hukohuko matopeni.

Nikamfundisha Mama Tumaini kushika mkono kama nilivyofundishwa mimi. Alijaribu kwangu, akajaribu kwa mumewe. Nikamwambia, kwa kuwa kueleza mwendo kwa maneno ni kazi, agonge tu. Mkono mmoja uwe kwenye mshipa wa mzee, mwingine ugonge benchi kila anaposikia pigo. Mama wa kwaya! Alishika haraka kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha. Nikampa namba yangu ya simu, nikamwambia siku chura akiamka, agonge na kunirekodia.

Wiki zikapita. Mchana mmoja nilikuwa kwenye chumba cha kufungia vidonda, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Mama Tumaini. Alinisalimu kwa Kihehe, akasema tu, "Kamwene, Sista. Sikiliza mkono wa mzee." Kisha nikasikia mwiko ukigonga mfuniko wa sufuria. Ko, ko-ko. Kimya. Ko-ko-ko, ko. Kimya kifupi. Ko-ko. Niliusikiliza mara mbili nikiwa nimesimama, nikaenda moja kwa moja kwa Dokta Neema nikamwekea simu sikioni. Alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama.

"Waje sasa hivi," alisema. "Wakingoja kesho tutakuwa tumempoteza tena."

Igowole si mbali sana na tulipokuwa, lakini mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na barabara ilikuwa telezi. Walipata gari la jirani lililokuwa linabeba mbao. Likakwama kwenye mteremko, vijana wakashuka wakalisukuma. Mama Tumaini alinipigia akaniambia wapo hapo, wamekwama. Nikamuuliza kuhusu mkono wa mzee, akasema bado unaruka.

Wanangu, nimewaombea wagonjwa wengi katika maisha yangu, lakini ni mara hiyo moja tu nimemwomba Mungu mgonjwa asipone kabla hajafika. Nilikuwa napanga na kupangua vifaa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Dokta Neema alitoka mlangoni kutazama barabara, akarudi, akatoka tena. Fundi wa maabara akauliza tunamngoja kiongozi gani.

Wakafika wamelowa mpaka mifupa. Mzee aliteremka akiwa ameshikwa huku na huku, na neno la kwanza kuniambia lilikuwa, "Sista, naona kama kumetulia." Moyo wangu mimi ndio ulioruka. Nikashika mkono wake pale pale mlangoni. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na chini ya vidole vyangu mapigo yalikuwa yanavuka matope.

Dokta alitaka tumlaze mara moja. Lakini mzee alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana, nikajua karatasi itatoka kama ile ya yule baba wa mwezi wa saba, na hakuna atakayeweza kuisoma. Nikamweleza Dokta, naye akaelewa bila kubishana, ingawa niliona jinsi ilivyomuuma kungoja. Tukamvua nguo zilizolowa, tukamfunika mablanketi, yeye mwenyewe Dokta akashika kikombe cha chai mpaka mdomoni mwa mzee. Mimi sikuuachia ule mkono. Nilikuwa naulinda kama mtu anayelinda moto wa mkaa usizimike. Alipoacha kutetemeka, tukamfunga nyaya.

Karatasi ikatoka. Mapigo hayakuwa na umbali mmoja hata kidogo, na lile wimbi dogo linalotangulia kila pigo la moyo mzima halikuwepo. Kwa mara ya kwanza tulikuwa nayo mbele yetu, nyeusi juu ya nyeupe.

Dokta Neema alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Akamwonyesha mzee ile karatasi, akamweleza polepole. Mzee alimsikiliza, akaipapasa karatasi kwa kidole chenye makovu ya kisu cha kugemea. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo sikuwa mwongo?"

"Hukuwa mwongo, Baba," Dokta alimjibu. "Ulikuwa unaumwa tangu mwanzo."

Mama Tumaini alikaa sakafuni pale pale, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Nilidhani ni huzuni. Nilipoinama nikakuta anacheka na kulia kwa pamoja. Miaka miwili mtu anaambiwa mume wake anaigiza, halafu anapewa jina la ugonjwa. Watu hudhani habari ya ugonjwa daima ni mbaya. Siku ile wodi nzima ilishusha pumzi.

Mzee alipelekwa Mbeya kwa picha ya kichwa na picha ya moyo ya mawimbi, ile inayoonyesha milango ya moyo ikifunguka na kujifunga. Milango ilikuwa salama, na hilo nalo lilikuwa la kushukuru, kwa sababu wengi wa wagonjwa wetu wa namna hii milango yao huwa imeharibiwa na homa ya utotoni iliyoanzia kooni. Akaanzishiwa dawa mbili, moja ya kupunguza kasi ya moyo na nyingine ya kuzuia damu kuganda, ile warfarini inayohitaji mtu kurudi kupimwa damu mara kwa mara ili isizidi wala isipungue.

Hapo msidhani kazi imekwisha. Kugundua ni siku moja. Kutunza ni maisha.

Jambo la kwanza lilikuwa mboga. Mtu fulani alimwambia mzee kwamba anayetumia dawa ile haruhusiwi mboga za majani. Akarudi kwetu amekonda, amekula ugali na dagaa mpaka amechoka. Kumkataza mtu wa Igowole mboga za majani ni kumwambia asile. Tukamweleza: kula mboga zako, ila kula kwa kiasi kilekile. Usiache wiki nzima kisha ukafululiza chainizi na majani ya maboga siku tatu. Dawa inapenda mazoea.

La pili lilikuwa ulanzi. Dokta alimwambia aache, si kwa ajili ya moyo tu, bali pia kwa sababu pombe inaivuruga ile dawa. Mzee akauliza mgema asiyeonja atajuaje ulanzi umefika. Lilikuwa swali la haki, ndiyo riziki yake. Tukazunguka nalo mpaka Mama Tumaini akasema yeye ataonja. Mama wa kwaya, ambaye hakuwahi kuweka pombe mdomoni! Alionja kwa ncha ya kijiko na kutema. Wateja walilalamika mwezi wa kwanza kwamba ulanzi wa Zakaria umekuwa mtamu kama wa watoto, baadaye wakazoea, na akina mama wakaanza kuupenda kuliko zamani.

La tatu ndilo lililokaribia kutuharibia. Mzee alijikata kidole akigema, damu ikachelewa kukata. Ndugu yule wa habari za kurogwa akasema dawa ya hospitali imemgeuza damu kuwa maji. Wakaziweka dawa juu ya kabati, na mzee akaacha kuzimeza. Siku yake ya kliniki ikapita bila kuonekana. Nikapanda basi nikaenda.

Niliwakuta wote nyumbani, na yule ndugu yupo. Sikugombana. Hili nawasihi: ukimgombeza mgonjwa aliyeacha dawa, hatarudi kuzianza, atajifunza tu kukuficha. Niliomba kuona kidole. Kilikuwa kimepona vizuri. Nikamwambia yule ndugu kwamba wasiwasi wake una msingi, damu ya mzee kweli inachelewa kukata, na ndivyo tulivyokusudia, lakini isipite kiasi, ndiyo maana tunapima. Nikawaonyesha jinsi ya kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuchungulia chungulia. Nikawaambia dalili za hatari: kinyesi cheusi, damu puani isiyokoma, kuanguka na kugonga kichwa. Hizo ni za kukimbilia hospitali. Nikawauliza pia juu ya dawa za maumivu ya mgongo za dukani, maana zile zikikutana na warfarini zinaweza kumtoa mtu damu tumboni, na kweli mzee alikuwa nazo mfukoni. Mwisho nikamuuliza yule ndugu kama aliuona mdomo wa kaka yake siku ile ulipopinda. Akasema aliuona. Kisha akainuka mwenyewe akazishusha dawa kutoka kwenye kabati.

Tulikubaliana mzee avae glovu nene mkono usioshika kisu. Alisema anaonekana kama fundi umeme. Akavaa.

Mara ya mwisho nimekwenda Igowole nilikuwa nimeshastaafu. Nilikwenda kama mgeni tu. Ilikuwa katikati ya mvua, msimu wenyewe wa ulanzi. Nilimkuta Mzee Zakaria uwanjani anagombana na mbuzi aliyekula ncha za mianzi michanga, anamwita majina ya Kihehe ambayo sikuyaelewa na Mama Tumaini alikataa kunitafsiria. Alikuwa na sauti ya kutosha kijiji kizima. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama anavyomkimbiza yule mbuzi mpaka nyuma ya zizi, anarudi anahema kama mzee yeyote aliyekimbiza mbuzi.

Hakuna atakayewapongeza kwa kiharusi ambacho hakikuja, wanangu. Hakionekani. Mtakachokiona ni mzee anayelalamika.

Tulikula ugali na majani ya maboga. Wakanisindikiza mpaka stendi, wakanipa mahindi mabichi ya kupeleka nyumbani. Kwenye basi nilifungua dirisha kidogo, nikapumzisha kichwa kwenye kiti, na nikalala njia nzima mpaka kondakta aliponigusa bega kuniambia, mama, tumefika Mbeya.